Jina Alilopewa na Mama Yake

Leo twataka kuzungumza juu ya mtoto anayelelewa na watu wasiomzaa. Jambo hili si geni kwetu. Ni nyumba chache katika sharika zetu ambazo hazijapata kumpokea mtoto wa marehemu dada, au mjukuu aliyebaki peke yake, au mtoto asiye na jamaa kabisa. Twamlisha, twamvika, twamlipia karo, nasi twamwita mwanetu. Hayo ni mema, na Mungu huyaona.

Lakini liko swali ambalo walezi wengi huliahirisha mwaka baada ya mwaka. Je, mtoto huyu aambiwe alikotoka? Wako wasemao kwamba akiambiwa atahuzunika, au atapunguza upendo wake, au ataondoka kwenda kuwatafuta wenyewe. Basi wananyamaza, na majirani nao huonywa wanyamaze. Sisi twaamini ya kuwa kunyamaza huko, hata kukianza kwa nia njema, mwisho wake ni kumdhulumu mtoto. Ili tueleze sababu, tutawasimulia habari za mwanamke mmoja Myahudi, Susi Bechhöfer, ambaye maisha yake yameelezwa katika kitabu kiitwacho Rosa's Child, kilichotolewa mwaka 1996. Rosa ni jina la mama yake mzazi.

MAPACHA WA MUNICH

Susi na pacha wake Lotte walizaliwa mwaka 1936 katika mji wa Munich, nchi ya Ujerumani. Mama yao, Rosa Bechhöfer, alikuwa Myahudi, tena maskini, aliyejipatia riziki kwa kutumika katika nyumba za watu. Baba yao hakuwa Myahudi. Alikuwa Mjerumani, na baadaye alivaa sare ya jeshi la Hitler. Hawakuoana. Hata kama wangetaka, serikali isingaliwaruhusu, kwa maana tangu Septemba 1935 sheria ya Wanazi ilikataza ndoa baina ya Wayahudi na Wajerumani wengine. Rosa hakuwa na mume wala njia ya kuwalea wasichana wawili, na watoto wakawekwa katika nyumba ya mayatima ya Kiyahudi mjini humo.

Siku zile zilikuwa mbaya, na zikazidi kuwa mbaya. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938, makundi ya Wanazi yalichoma moto mamia ya masinagogi, yakavunja vioo vya maduka ya Wayahudi, na wanaume wapata 30,000 wakakamatwa na kupelekwa kambini. Ndipo wazazi wengi wa Kiyahudi walipotambua kwamba hakuna usalama tena kwa watoto wao. Lakini waende wapi? Nchi nyingi zilikuwa zimefunga milango.

Mwezi huo huo serikali ya Uingereza, baada ya kuombwa na viongozi wa Kiyahudi na Wakristo wa madhehebu ya Quaker, ilikubali kuwaingiza watoto wasiozidi umri wa miaka 17 bila wazazi wao. Kundi la kwanza, watoto karibu 200, lilifika bandari ya Harwich tarehe 2 Desemba 1938. Safari hizo ziliendelea hadi vita vilipoanza Septemba 1939, na kwa jumla watoto wapata 10,000 waliokolewa kwa njia hiyo. Walitoka Ujerumani, Austria, Chekoslovakia na Poland. Walisafiri kwa gari la moshi hadi pwani ya Uholanzi, kisha kwa meli, kila mmoja na sanduku dogo na kipande cha karatasi chenye namba kilichofungwa shingoni.

Twaomba mlitambue neno hili. Watoto hao hawakutolewa na wazazi wao kama mtu anavyotoa zawadi. Waliwekwa amana. Waingereza wenyewe waliwapokea kama wageni wa muda, hata ikatakiwa dhamana ya paundi 50 kwa mtoto, ili gharama za kuwaondosha nchini baadaye zisiiangukie serikali. Wazazi waliobaki nyuma kule stesheni walikuwa na tumaini moja tu, kwamba siku moja watawaona tena watoto wao.

NYUMBA YA MCHUNGAJI

Mwezi wa Mei 1939, wakiwa na umri wa kama miaka mitatu, Susi na Lotte walitiwa katika gari la moshi. Huko Uingereza walipokewa na mchungaji wa kanisa la Kibaptisti kutoka Cardiff, katika nchi ya Wales, pamoja na mkewe. Wenyewe hawakuwa na watoto. Waliwachukua mapacha wote wawili, wala hawakuwatenganisha. Kwa hilo twashukuru, kwa sababu wako ndugu wengi waliotenganishwa siku zile, huyu kijiji hiki na yule kijiji kile.

Basi wasichana wale wakapona. Hilo lazima tulitangulize. Zaidi ya watoto 1,000,000 wa Kiyahudi waliuawa katika vita vile, na hao wawili wangaliweza kuwa miongoni mwao. Mlango uliofunguliwa Cardiff ulikuwa mlango wa uzima.

Lakini walipokwisha kuingia, majina yao yalibadilishwa. Susi akaitwa Grace, yaani Neema. Lotte akaitwa Eunice. Wakapewa na jina la ukoo wa mchungaji. Lugha yao ya Kijerumani ikasahauliwa, kama inavyosahauliwa upesi na watoto wadogo. Wakalelewa katika ibada za kanisa, na habari za kwao zikafunikwa. Rosa, Munich, Uyahudi, hayo yote yakawekwa mbali nao, kana kwamba maisha yao yalianzia katika stesheni ya London.

Yawezekana mchungaji yule alidhani anawapa mwanzo mpya. Yawezekana aliona kwamba mtoto mdogo hana kumbukumbu, kwa hiyo hana cha kupoteza. Wengi walifikiri hivyo wakati ule, si yeye peke yake. Hata sheria za Uingereza na Wales zilifuata fikira hiyo. Mtoto aliyeasiliwa, yaani aliyefanywa mwana kisheria katika nyumba nyingine, hakuwa na haki ya kukiona cheti chake cha kwanza cha kuzaliwa bila idhini ya mahakama. Mambo hayo yalibadilishwa na sheria ya mwaka 1975, iliyompa mtu aliyetimiza miaka 18 ruhusa ya kujua jina alilozaliwa nalo.

Susi alilijua lake kwa njia nyingine. Alipokuwa msichana wa shule, siku za mtihani zilipokaribia, aliambiwa shuleni kwamba katika karatasi zake haimpasi kuandika Grace. Jina lake la halali, wakamwambia, ni Susi Bechhöfer. Hebu fikirini. Msichana wa umri ule, akiwa na hofu ya mtihani, anapewa jina geni masikioni mwake na kuambiwa kwamba ndilo lake. Hakuna aliyeketi naye kumweleza jina hilo latoka wapi, ni la nani, wala liliachwa kwa sababu gani. Aliliandika, akaendelea na maisha.

Liko na neno jingine, nasi twalisema kwa masikitiko. Susi alieleza katika kitabu chake kwamba yule baba mlezi, mtu wa madhabahuni, alimtendea machafu alipokuwa msichana. Hatutalieleza zaidi ya hapo, ila hatuwezi kuliruka. Mtoto aliyekatwa na jamaa zake wote hana shangazi wa kumkimbilia, wala mjomba wa kuuliza habari zake. Siri juu ya asili ya mtoto ni kama ukuta, na nyuma ya ukuta mambo mengine huweza kutendeka pasipo mtu kujua. Kwa hiyo kanisa lenye kupenda watoto halina budi kuogopa siri za namna hii, hata zikiwa katika nyumba inayoheshimiwa.

JAMAA WALIOPATIKANA

Miaka ikapita. Lotte, yule pacha, aliugua uvimbe katika ubongo, akafariki akiwa na umri wa miaka 35. Susi alikuwa muuguzi, akaolewa, akapata mwana. Ni mpaka alipokaribia miaka 50 na zaidi ndipo alipoanza kutafuta kwa bidii. Zilikuwa ni siku ambazo wengi wa wale watoto 10,000, sasa watu wazima wenye mvi, walianza kutafutana. Mwezi wa Juni 1989 zaidi ya 1,000 walikusanyika London, miaka 50 baada ya safari zile. Wengi hawakuwa wamewahi kuwasimulia hata watoto wao.

Susi alitafuta katika kumbukumbu za Ujerumani. Aliandika barua, akasafiri, akauliza. Ndipo alipojua habari za mama yake. Rosa hakuweza kuikimbia nchi ile. Mwaka 1943 alichukuliwa, akapelekwa katika kambi ya Auschwitz, naye akauawa huko. Wakati ule binti zake walikuwa Wales, wakiitwa majina ambayo yeye hakuyachagua, wakiimba tenzi katika shule ya Jumapili, na hawakujua kwamba yuko mtu wa kumlilia.

Lakini hakupata kaburi tupu. Alipata pia watu. Jamaa za mama yake waliokuwa wamekimbia Wanazi walikuwa wakiishi New York, huko Marekani. Mwanamke aliyekua akidhani kwamba hana damu yake duniani ila pacha aliyekwisha kufa, akakutana na watu wenye jina lake. Waliweza kumwambia habari za ukoo wa Rosa. Tangu wakati huo alilitwaa tena jina lake, akajulikana kwa watu kama Susi Bechhöfer. Mwaka 1991 televisheni ya BBC ilionyesha habari zake, na miaka mitano baadaye kikatoka kitabu.

Tusidhani kwamba kukutana huko kuliponya kila jeraha. Miaka haikurudi. Mama hakurudi. Jamaa zake walikuwa Wayahudi, naye alikuwa amelelewa katika kanisa; walikuwa na sikukuu zao, naye alizijua nyimbo zetu. Mtu akiungana na jamaa zake baada ya nusu karne, anakaribishwa kama mwana na tena anakaa kama mgeni, yote mawili kwa wakati mmoja. Hata hivyo alilipata jambo ambalo hakuna mlezi angaliweza kumpa, wala mlezi yeyote hana haki ya kumnyima. Alijua kwamba hakutupwa. Mama yake alikuwako, alikuwa na jina, na aliuawa na watu waovu.

MUSA NA ESTA

Wapendwa, Biblia yetu inazo habari za watoto wawili wa Kiebrania waliolelewa na watu wasiowazaa. Wa kwanza ni Musa, katika kitabu cha Kutoka, sura ya 2. Binti Farao alipokifungua kile kisafina na kumwona mtoto analia, alitambua mara moja kwamba ni mtoto wa Waebrania, naye alisema hivyo mbele ya vijakazi wake. Hakujifanya haoni. Alikubali mtoto anyonyeshwe na mwanamke wa Kiebrania, ambaye kumbe ndiye mama yake mwenyewe. Na alipompa jina, alimwita Musa, kwa sababu alimtoa katika maji. Tazameni basi: jina lenyewe lilikuwa habari ya mtoto. Kila mara alipoitwa ndani ya jumba lile la kifalme, alikumbushwa mto na kisafina. Kwa hiyo alipokuwa mtu mzima aliwajua ndugu zake, akawaendea.

Wa pili ni Esta, msichana yatima aliyelelewa na Mordekai, mtoto wa ndugu ya baba yake. Huyu alikuwa na majina mawili, Hadasa na Esta. Mordekai alimwagiza asidhihirishe kabila lake katika nyumba ya mfalme. Basi mtu aweza kutuuliza: je, huko si kuficha? Naam, ni kuficha. Lakini lililofichwa lilifichwa watu wa nje kwa ajili ya usalama wake. Esta mwenyewe hakufichwa kamwe. Alijua yeye ni nani, na ndiyo sababu saa ya hatari ilipofika aliweza kusimama kwa ajili ya watu wake.

Hapo ndipo ilipo tofauti. Kumficha mtoto asionwe na adui anayetaka kumwua ni rehema. Wako Wakristo waliofanya hivyo katika vita vile kwa hatari ya roho zao, nao wastahili heshima. Lakini kumficha mtoto asijijue mwenyewe ni jambo jingine. Na vita vilipokwisha mwaka 1945, adui hakuwako tena. Ukweli ungaliweza kusemwa katika nyumba ile ya Cardiff, taratibu, kwa upole, mezani. Haukusemwa. Akina dada wale wawili wangaliweza kumlilia mama yao pamoja. Susi alikuja kumlilia peke yake, pacha wake akiwa amekwisha kulala mavumbini.

LITUPASALO KUTENDA

Basi tufanye nini sisi tunaolea watoto wa wengine? Twawapa maneno manne, nayo ni ya nyumbani kabisa.

La kwanza, mwambieni mtoto mapema. Msingoje akue, kwa maana akikua ataambiwa na mwingine, pengine kwa ugomvi, pengine uwanjani na mtoto mwenzake, pengine na karatasi ya shule. Mtoto mdogo hupokea neno kama hilo kwa utulivu akiambiwa na mtu anayempenda, na lirudiwe kila anapouliza.

La pili, litunzeni jina lake. Mkimpa jina la nyumba yenu, vyema, lakini lile la kwanza msilitupe. Pamoja na jina tunzeni picha, barua, kitambaa, jina la kijiji, jina la ukoo, siku ya kuzaliwa. Hivyo ni vitu vidogo, lakini mtu mzima aweza kuvuka bahari kwa ajili yake.

La tatu, msiogope jamaa zake. Mlezi huogopa kwamba siku ya kukutana, moyo wa mtoto utahama. Binti Farao hakuogopa kumtia mtoto mikononi mwa mwanamke wa Kiebrania. Upendo wa mtoto haugawanyiki kama mkate, hata ndugu mmoja akipata, mwingine akose. Zaidi sana, mtoto hushuku upendo uliojengwa juu ya siri, kwa maana akiisha kudanganywa katika jambo moja kubwa hujiuliza yapo mangapi mengine.

La nne ni kwa ninyi mlio jamaa. Mtoto aliyepotea akija mlangoni, hata ikiwa ni baada ya miaka 50, msimwulize kwanza anataka nini. Pengine hataki shamba wala fedha. Pengine anataka tu kujua pua hii aliirithi kwa nani, na kama mama yake aliwahi kumtaja. Mpeni kiti. Mwambieni mnayoyajua.

Neno la mwisho. Sisi Wakristo twajiita watu tuliofanywa wana, kama mtume Paulo anavyotufundisha katika barua yake kwa Warumi. Kwa hiyo hakuna watu duniani wanaopaswa kulielewa jambo hili kuliko sisi. Mungu alipotufanya wana hakutudanganya tulikuwa nani kwanza. Na kwa kinywa cha nabii Isaya, katika sura ya 49, anasema kwamba hata mama akimsahau mtoto anyonyaye, yeye hawasahau walio wake, bali amewachora katika viganja vya mikono yake. Mungu ambaye huyahifadhi majina kwa namna hiyo hawezi kupendezwa na watumishi wanaoyafuta.

Rosa Bechhöfer hakuacha mali. Aliacha watoto wawili na majina mawili. Mmoja wa watoto hao alipata kulirudia jina lake. Kama mna mtoto nyumbani mwenu anayelingoja lake, mwambieni kabla siku nyingi hazijapita.

Bwana awabariki ninyi nyote mnaolea, awape hekima ya kusema kweli katika upendo. Amina.